Kanda ya Hiari si Pambo la Maombi

Mwezi wa Desemba uliopita mpwa wangu alinijia nyumbani, uso umemsawijika. "Mjomba," akaniuliza, "nipeleke kanda au niache?" Zilikuwa zimebaki siku kumi tu kufika tarehe 1 Januari, siku ambayo vyuo vikuu kadhaa vya Marekani hufunga mlango wa maombi.

Kwa wasiolijua jambo hili, nieleze kidogo. Hapa kwetu anayetaka kuingia chuo kikuu cha umma hupimwa kwa alama za mtihani wa kidato cha nne. Hakuna anayemwuliza kama anajua kuimba. Kule Marekani, mbali na alama, hutakiwa insha na barua za walimu. Tena vyuo kama Yale na Princeton humruhusu mwombaji, akipenda, kuongeza rekodi ya muziki au ngoma, nayo huweza kusikilizwa na walimu wa fani hiyo hiyo.

Linalotutatiza ni hilo neno "akipenda." Sisi tuliolelewa na mitihani tunaamini kwamba nafasi iliyoachwa tupu kwenye karatasi ni alama iliyotupwa. Basi mzazi hukopa, na mtoto hukimbizwa studio.

Maoni yangu ni kwamba hiari ni hiari. Waombaji walio wengi hawapeleki kitu, na Yale hushauri wazi kwamba apeleke yule mwenye kipawa kilichokomaa. Sikio la mwalimu wa muziki halihongwi kwa studio ya bei ghali. Kanda dhaifu haimpambi mwombaji, humwumbua.

Mpwa wangu alikusudia kupiga piano, aliyojifunza kwa miaka miwili, na mamake alikwisha kutenga pesa za studio. Nikamwambia anipigie kwanza. Vidole vilikwenda kama vinavyoomba ruhusa. Kisha nikamwomba achukue nyatiti ya babu yake, ile yenye nyuzi nane, aliyofundishwa na mzee huyo ingawa kwa desturi ya kale ya Waluo kilikuwa chombo cha wanaume. Wasomaji, chai yangu ilipoa mezani.

"Lakini Mjomba, hao watajua nini habari za nyatiti?"

Nilimkumbusha marehemu Ayub Ogada, aliyeipigia nyatiti ughaibuni, na ambaye wimbo wake ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Masikio ya huko hayajazibwa. Hata hivyo nilimwonya: usiipeleke ili wakushangae kama kioja cha Afrika, ipeleke kwa sababu unaijua. Kama ungeipiga vibaya ningekwambia uiache ukutani, na maombi yako yasingepungua kitu.

Tulirekodi sebuleni kwa simu ya mkononi, madirisha yamefungwa. Pesa za studio zilirudi kwa mamake.

Majibu bado hayajafika, wala sijui yatakuwaje. Lakini babu amekwisha kuisikiliza kanda hiyo mara tatu, na hakusema neno ila kumsahihisha mahali pamoja. Wazazi wenzangu, kabla ya kufungua mkoba mwulizeni mtoto anajua nini hasa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.