Leo ni Siku ya Ngapi?



Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye, na pwani yetu haki hiyo tumeishika barabara. Akiugua mtu, siku hiyo hiyo nyumba yake hujaa mabuibui. Wiki hii nataka nizungumzie mgonjwa ambaye wingi wetu huo waweza kumdhuru: aliye katika tibakemikali, dawa za saratani zitiwazo mshipani kwa dripu.

Mapema mwaka huu wifi yangu aligunduliwa saratani ya titi. Hupewa dawa kila baada ya siku 21. Tulidhani siku ya dawa yenyewe ndiyo nzito, kisha ni nafuu juu ya nafuu. Sivyo. Siku za mwanzo ni za kichefuchefu na uchovu. Udi aliokuwa akiupenda ukawa wamtapisha, na samaki akikaangwa kwa jirani hufunga madirisha. Halafu, baina ya siku ya 7 na ya 14, huonekana ana afadhali, aketi na kucheka. Kumbe ndizo siku ambazo chembechembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, zimeshuka mno, kwani dawa haibagui saratani na chembechembe nyingine zikuazo upesi. Ndiyo sababu nywele nazo hutoka na mdomo ukafanya vidonda.

Siku ya 10 baada ya dozi ya pili tulimwendea, wanawake tisa na watoto. Tulimkumbatia, tukakaa hadi adhana ya Magharibi. Mtoto mmoja alikuwa na mafua. Mtoto huyo ni wangu.

Usiku wa pili wifi akapata homa, nyuzi 38.6. Kwa mwingine hiyo ni homa ya kumeza vidonge na kujifunika shuka. Kwa aliye katika tibakemikali, homa ya nyuzi 38 na kuendelea ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Alhamdulillahi, kaka yangu alikwisha kuambiwa. Alilazwa siku sita, akitiwa dawa za kuua vijidudu kwa dripu, na dozi ya tatu ikaahirishwa. Daktari hakusema maradhi yametoka kwa nani. Mara nyingi hutokana na vijidudu vilivyomo mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Mimi, hata hivyo, sikupata usingizi.

Alipotoka nilimwuliza kwa nini hakutuzuia. Akanijibu, "Wifi, nitawafungiaje mlango watu waliokuja kuniombea dua?"

Basi tusimtwike mgonjwa kazi ya kutufukuza. Tuulize kwa mumewe au bintiye kabla ya kwenda: leo ni siku ya ngapi? Mwenye kikohozi na abaki kwake. Dua yafika bila yeye. Waendao wawe wawili, waoshe mikono, wasikae sana, na mafakihi tangu kale wamependekeza ziara ya mgonjwa iwe fupi. Khidma zisizohitaji kuingia chumbani ni tele: kumfulia, kuwapeleka wanawe madrasa, kumpikia uji laini usio ndimu wala pilipili.

Siku hizi ukutani kwao pana kalenda yenye duara nyekundu na za kijani. Juzi aliniletea ujumbe: "Leo ni siku ya 18. Njoo, na huyo mwanao mlete, nina hamu naye."