Samaki Mla Majani Hasafishi Bwawa

Mwambie mwenye bwawa yeyote hapa Kamina kwamba maji yake yameota utando wa kijani, atakujibu bila kufikiri: nitatia tilapia wa kula majani, bwawa litajisafisha lenyewe. Wauza vifaranga wanalipenda jibu hilo, maana ndilo linalowalisha. Mimi nasema ni uongo, tena uongo wa gharama katika mji ambao bado unategemea samaki wakavu kutoka Bukama na Ziwa Kisale.

Samaki hafuti kitu. Akila mwani, anakunya mbolea. Sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi iliyokuwa ndani ya mwani inarudi majini ikiwa imeyeyuka, tayari kuotesha mwani mwingine. Kiasi kinachobaki mwilini mwake hutoka bwawani siku ya kuvua tu, na wengi wetu hatuvui. Tunaacha tilapia wazaane mpaka bwawa lijae visamaki vya ukubwa wa kidole, halafu tunashangaa kwa nini maji yamezidi kuwa mazito.

Na huyo tilapia rendalli anayesifiwa, aliyefugwa tangu enzi za Wabelgiji katika vituo kama Kipopo karibu na Lubumbashi, akishakua hupenda zaidi majani ya mimea: majani ya muhogo, magugu ya ukingoni. Ukijani ulioenea ndani ya maji yenyewe haumhusu sana.

Lakini nani alisema kila ukijani ni uchafu? Ingiza mkono bwawani taratibu, kiganja kikiwa kimefunguka. Kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ukijani huo ni chakula cha samaki; uache. Kikipotea maji yakiwa yamevuka kifundo cha mkono kidogo tu, mwani umezidi. Hapo nenda alfajiri. Utakuta samaki wamepanda juu wanahema, kwa sababu usiku mwani nao unatumia hewa iliyomo majini. Mtu anayeongeza vifaranga mia kwenye bwawa la namna hiyo anaongeza vinywa mia vya kugombea hewa ile ile.

Ziwa Viktoria limeshatupa somo hili. Miaka ya 1990 Uganda na Kenya zilifungulia gugu maji mbawakavu wa Neochetina. Wadudu walifanya kazi, sikatai, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zikasaidia. Lakini gugu lililokufa lilizama na kuozea humo humo, na mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini hayakukoma kuingia. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, na Ghuba ya Winam ya ziwa hilo ikafunikwa tena na gugu.

Hata Wazungu wenye matangi ya maji ya chumvi sebuleni wanauziwa dawa hii hii: konokono na kaa wadogo, kwa dazeni. Mwani ukiisha konokono wanakufa njaa, wanaoza nyuma ya mawe, na mwani unapata chakula upya. (Asije mtu akaniletea wazo la konokono kwenye mabwawa yetu, tuna kichocho cha kutosha.)

Anayekula mwani ana kazi yake, ila ni ya mwisho. Kwanza tazama unachotia: pumba zinazoelea mpaka jioni bila kuliwa, banda la nguruwe linalomwaga samadi majini kila siku, mfereji unaopita shambani kwa jirani. Punguza hivyo kwa wiki mbili tatu, ingiza maji mapya kama mto unaruhusu, kisha vua wale wadogo uwale au uwauze. Ule mwani wa nyuzi, unaofanana na pamba iliyolowa, uvute kwa reki uupeleke mbali, kwenye migomba. Ukiurundika ukingoni, mvua ya kwanza itaurudisha bwawani.