Rimu Kubwa: Pima Kwanza, Ndipo Ununue



Mwaka jana mdogo wangu alipata fedha za kahawa. Alinunua rimu nne za aluminiamu za inchi 15, pamoja na tairi zake, ili azitie katika Toyota yake ndogo badala ya zile za chuma za inchi 14. Aliniita nizitazame. Nilihesabu matundu ya bolti, nikaona ni manne kwa manne, nikasema: "Funga tu, zinaingia."

Siku ya gulio gari lilipakia watu watano na magunia. Kwenye mashimo ya barabara tulisikia mkwaruzo nyuma. Tulipofika nyumbani tulikuta tairi mbili zimechanwa na ukingo wa bodi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini sehemu ya fedha zile ilikuwa karo ya binti yake. Kosa lilikuwa langu. Basi leo nakueleza mambo tuliyopaswa kuyapima kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, matundu ya bolti. Kuyahesabu hakutoshi. Yamepangwa katika duara, na upana wa duara hilo ndio wenye maana. Penye matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolielekea. Toyota ndogo nyingi, kama Vitz ya kwanza, zina mm 100. Rimu ya mm 114.3 si yake, wala usikubali fundi ailazimishe.

Pili, tundu kubwa la katikati. Kwa gari hilo kitovu kina mm 54.1. Tundu la rimu likiwa dogo kuliko hapo, rimu haikai. Likiwa kubwa, kama mm 73.1, huna budi kutia pete ya kujazia nafasi, ama sivyo usukani waweza kutetemeka.

Tatu, kimo cha tairi. Hapa ndipo tulipoanguka sisi. Soma ubavuni: 175/65 R14. Maana yake upana ni mm 175, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 14. Inchi moja ni mm 25.4. Chukua ubavu mara mbili, ongeza rimu, utapata karibu mm 583. Tairi za mdogo wangu zilikuwa 185/65 R15, yaani karibu mm 621. Nusu ya tofauti hiyo, mm 19, ndiyo iliyopanda juu kuelekea bodi. Tena saa ya mwendo ilidanganya: ilipoonyesha 80, sisi tulikwenda 85. Tairi ya 185/55 R15 ingekuwa na mm 584 tu, karibu sawa na ile ya zamani.

Nne, rimu inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani? Ilaze rimu tupu, mgongo juu. Weka kijiti kilichonyooka juu ya kingo zake, upime kutoka kijiti hadi pale inapokaa kwenye kitovu. Fanya hivyo kwa rimu ya zamani na mpya. Namba ya mpya ikizidi kwa mm 10, rimu itasogea mm 10 kuelekea shokapu. Kisha toa namba hiyo katika upana wote wa rimu. Kinachobaki ni upande wa nje, unaoelekea bodi. Linganisha vivyo hivyo.

Tano, breki. Bandika vidonge vya udongo laini juu ya koleo la breki, funga rimu, uizungushe polepole kwa mkono, kisha uifungue. Udongo uliobonyezwa utakuonyesha nafasi iliyobaki. Usisahau kuufuta wote.

Sita, nati. Nyingine zina ncha ya mviringo, nyingine ya pembe, nyingine bapa, na kila moja hutaka tundu la namna yake. Nati ya bolti ya mm 12 yenye meno ya 1.5 izunguke mara 8 au zaidi kabla ya kukaza. Kaza kwa kuvuka, si kwa kufuatana. Na baada ya kilomita 50 hadi 100 ukaze tena.

Mwisho, mwombe muuzaji akuruhusu ujaribu rimu moja. Pakia watu nyuma, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, utazame na kusikiliza. Angalia pia namba ya uzito ubavuni: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja. Usinunue iliyo chini ya ile ya kwanza. Na ujue kwamba rimu ikikua, ubavu wa tairi hupungua. Katika mashimo yetu, rimu ndiyo itakayopigwa.

Mimi na mdogo wangu tuliuza mbuzi wawili, na binti akarudi shuleni akiwa amechelewa wiki tatu. Gari linatembea kwa rimu zake za chuma. Zile za aluminiamu zimeegemea ukuta wa ghala, zikingoja tairi za kimo chake. Karo kwanza.