Gridi haina masikio

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni wimbo mmoja wa benga uliokataa kukaa sawa.

Mjomba wangu hupiga gita. Alipokuja Nairobi nilimrekodi sebuleni kwa Audacity, bila metronomu wala ngoma, yeye na gita lake tu. Sehemu nyingine alizirudia mara mbili tatu, kwa hiyo nikakata vipande vizuri na kuanza kuvipanga. Hapo ndipo nilipoona kale kasanduku ka Snap. Mimi ni mtu wa kuandika programu, nikiona gridi moyo unatulia. Nikakatia tiki, nikaburuta kila kipande hadi kikanasa kwenye mstari. Kwenye skrini ilipendeza kweli. Nikamwekea mjomba asikilize. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mpwa wangu, huyu anayepiga ni nani?"

Nimelichunguza swali lake kama ninavyochunguza kosa kwenye kodi. Kumbe programu hainasi noti, inanasa ukingo wa kipande. Ukikata milisekunde 60 kabla ya kidole kugusa uzi, kinachokaa kwenye mstari ni ule ukimya, na noti yenyewe inafika milisekunde 60 baadaye. Kipande kingine umekikata milisekunde 10 tu kabla ya noti, hicho kinachelewa 10. Kwa macho viko sawa kabisa. Kwa masikio vinapishana milisekunde 50, na kwenye gita la benga, ambalo noti zake zinafuatana kama mvua ya mabati, hilo linasikika.

Halafu gridi yenyewe ilitoka wapi? Tangu Audacity ilipoleta gridi ya mapigo katika toleo la 3.4 mwaka 2023, mradi mpya huanza na mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde. Mjomba hajui habari ya 120. Yeye huanza taratibu, na akifika ile sehemu ya mwisho anaongeza mwendo kwa makusudi, ndipo watu wanaacha viti.

Sisemi gridi ni mbaya. Kama unatengeneza biti kwa kompyuta, au msanii alirekodi huku metronomu ikilia masikioni mwake, iwashe bila wasiwasi. Lakini kwa mtu aliyepiga kwa mwendo wake mwenyewe, naona kuwasha Snap ni kumkosea adabu. Zima. Kuza picha ya sauti mpaka uone noti inapoanza, kisha panga kwa sikio. Na kama huwezi kuishi bila gridi (nawajua, mko wengi), basi gridi ndiyo imfuate mpigaji. Reaper na Ardour zinaruhusu tempo ibadilike katikati ya wimbo, unaweka alama pale pigo lilipoangukia. Inachosha, sitawadanganya.

Mwenzangu kazini anasema wasikilizaji wa siku hizi wamezoea muziki ulionyooka. Labda. Lakini rekodi hii ni ya mjomba, si yao.

Bahati nzuri nilikuwa nimehifadhi nakala ya WAV kabla ya kukata chochote. Nimeanza upya, Snap imezimwa. Juzi nilimtumia dakika ya kwanza kwa WhatsApp. Akajibu: "Huyu namjua."