TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: KIFUNGU CHA MAABARA KIRUDISHWE



Wapo wanaotucheka kwa kuhoji fedha za vitendanishi vya maabara ya kituo chetu cha afya zilizofyekwa kwenye bajeti. Eti silaha za vijidudu ni mambo ya sinema.

Tunawajibu. Mwaka 2001 huko Marekani, unga wa kimeta ulitumwa kwa barua. Watu 22 waliugua, 5 wakafariki. Mgonjwa wa kwanza hakugunduliwa na jeshi wala mtambo wa mabilioni. Daktari wa Florida alitazama majimaji ya uti wa mgongo kwa darubini, akashtuka, akatoa taarifa. Maelfu wakapewa dawa za kujikinga.

Kimeta hichohicho huua ng'ombe hapa kwetu. Kiletwe na adui au na nyama ya mzoga, kinga ya kwanza ni moja: mtaalamu, darubini, vitendanishi, dawa stoo.

Kufyeka kifungu hiki si kubana matumizi, ni kuhamishia deni kwa wagonjwa.

Jumamosi saa 4 asubuhi, mkutano wa kata. Tuje wote, diwani atujibu.

Katibu wa Tawi