Kompyuta Nayo Hukosea

Msomaji kijana, liko neno lisemwalo na wengi, kwamba kompyuta haikosei hesabu. Nimelisikia hata hapa Fedha, mtaa wa Nairobi ambao jina lake lenyewe ni kitu cha kuhesabiwa. Neno hilo si kweli, naye aliaminiye hujiandalia hasara.

Chukua moja ya kumi, uizidishe kwa kumi, kisha utoe moja. Mtoto mdogo atakujibu kwamba hakibaki kitu. Lakini kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja tu, na kwa tarakimu hizo moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu. Basi mashine huikata. Prosesa moja huzidisha, ikakadiria jibu, ndipo ikatoa. Hiyo husema sifuri. Nyingine huzidisha na kutoa kwa tendo moja, ikakadiria mwishoni tu; hiyo hubakiza kipande kianziacho tarakimu ya 17 baada ya nukta. Programu ni moja, majibu ni mawili, na hapana prosesa iliyovunjika.

Sasa wako mafundi ambao jaribio la programu likifaulu katika kompyuta ya mezani na kushindwa katika simu, hulifuta jaribio, wakasema, "Tofauti ni ndogo." Je, hiyo ni hoja? Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot ulikuwa umehesabu wakati kwa moja za kumi za sekunde, kila moja imekatwa kidogo, kwa saa 100. Kosa lilifika theluthi ya sekunde. Kombora la adui halikuzuiwa, na askari 28 wa Marekani wakafa.

Sisemi tuiogope kompyuta. Nasema fundi mwaminifu huhesabu fedha kwa senti nzima, wala si kwa vipande vya shilingi. Apimapo vitu vingine, hutaja kabla ya jaribio tofauti iwezayo kuvumiliwa, na sababu yake. Tena hujaribu programu katika kila aina ya mashine itakayoitumia. Kufuta jaribio lililoshindwa ni kumfukuza shahidi kwa kuwa amesema kweli.

Nawe, kesho ukiwa fundi, utamsikiliza shahidi huyo, au utamfukuza?