Gemu Umelipia, Lakini Si Yako!

Mdogo wangu ananing'ang'ania nimpe hela anunue gemu kwenye intaneti. Nimemwambia, tulia kwanza, dogo! Ukinunua raba, mwenye duka hakufuati nyumbani kukuvua. Kwenye gemu anaweza, bwana. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilizimwa Machi 31, 2024. Waliolipa wakabaki wanakodoa macho, maana bila seva za kampuni ilikuwa haichezeki, hata ukiwa unacheza peke yako. Kumbe tunanunua ruhusa tu! Tangu 2025 sheria ya California inataka wauzaji waseme hivyo waziwazi. Hela dogo nitampa, ila anunue zisizo na kufuli, kama za GOG: unashusha, unatunza. Tuonane wiki ijayo!